Sikumla Masharubu

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, mtoto hakuthubutu kuingia uani akasema "nimeona ndege" halafu akanyamaza. Angeulizwa hapohapo: ndege gani, alikuwa anafanya nini, mdomo wake una rangi gani, kooni ana nini. Asipojua alichekwa mpaka akarudi alikotoka kuangalia upya. Leo nina mpwa wangu, kijana mzima anayeendesha bodaboda, mwenye simu yenye kioo kipana kuliko ubao tulioandikia darasa la kwanza. Juzi nilimwonyesha ndege wawili waliokuwa wanarukaruka chini ya mibuni ya kahawa nyuma ya nyumba yangu, nikamuuliza wanatofautianaje. Akawatazama kwa muda wa kumeza mate.

"Anko, hao si walewale? Shomoro hao."

Shomoro! Ndege ambaye shomoro wawili wakipandishwa kwenye mzani hawamfikii. Nikamwambia atazame tena. Akatoa simu, akawapiga picha mikia, akaiuliza simu, na simu ikamletea ndege wa Ulaya amesimama kwenye theluji. Akanionyesha kwa furaha kabisa. "Huyu hapa, Anko. Poa?" Si poa hata kidogo. Nilikosa hamu ya chakula siku ile, na mke wangu akauliza nimeudhiwa na nani.

Nisomeni vizuri, ninyi wa rika langu, mtanielewa. Kwa sababu ya ndege hao wawili ambao kijana anasema ni walewale, mimi Lazaro nilinyang'anywa jina langu. Tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi mpaka nikawa mtu mzima mwenye nyumba na watoto, nyumbani kwetu niliitwa Mla Babu. Nilisingiziwa, na sababu ya kusingiziwa ni kwamba mtu mmoja alikataa kutazama mara ya pili.

Vitabu, ambavyo nilikuja kuvisoma ukubwani, huwaita ndege hao mikesha. Sisi hatukuwa na vitabu vya ndege. Tulikuwa na macho, na majina tuliwatungia wenyewe. Ukiwatazama kwa haraka wote wanafanana: mgongo wa kijivu kama udongo mkavu, mbavu zenye rangi ya chungwa lililoanza kuiva, miguu mirefu. Hata mwendo wao ni mmoja. Anaruka kidogo, anasimama wima, anainamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani, kisha anapindua jani na kuchomoa mnyoo.

Masharubu ana koo jeupe, safi, na kila upande wa koo hilo unashuka mstari mweusi kutoka kwenye pembe ya mdomo, kama masharubu ya askari wa zamani. Mdomo wake ni mwekundu wa chungwa. Koo Chafu ndiye pacha wake wa kugombanisha watu. Yeye hana mistari hiyo miwili. Koo lake limejaa michirizi myembamba ya kahawia, kama mtoto aliyekunywa uji akajifuta kwa kiganja, na mdomo wake ni wa njano. Wa tatu, Karani, tulimwita hivyo kwa sababu kifua chake cheupe kina madoa meusi, kama shati la karani ambaye kalamu imemvujia mfukoni. Husimama ameinua kifua, na akitulia huchezesha bawa moja, kisha jingine. Halafu kule juu, kwenye misitu ya baridi tulikokwenda kutafuta kuni, alikuwako Tumbo Chungwa, mgongo umekoza, tumbo limewaka. Huyo hakutusumbua kumtambua. Karani pia hakutusumbua. Vita vyote vilikuwa kati ya Masharubu na Koo Chafu, na ndivyo vilivyonikuta mimi.

Wakati ule ruksa ya biashara ilikuwa imeingia. Mnaikumbuka. Jana yake duka la kijiji lilikuwa na chumvi, kiberiti na vumbi, kesho yake mtu anarudi kutoka Tunduma na sabuni ya kunukia, vitenge vya upande wa pili wa mpaka, na raba nyeupe ambazo tulizinusa kabla ya kuzivaa. Asubuhi tulikwenda shule na fagio begani na kidumu cha maji mkononi, umande ukitulowesha hadi magotini. Mchana tulirudi kula ugali wa ulezi na maharage yaliyopikwa tangu alfajiri, yakawa mazito hadi kijiko kinasimama. Msimu wa kahawa tulichuma, tukazungusha mashine ya kumenyea mpaka mikono ikafa ganzi, tukaanika vichanjani na kulinda mvua isitushtukize. Vidole vyetu vilinuka maganda ya kahawa wiki nzima, hata kanisani. Michezo tuliipata katikati ya kazi, si baada ya kazi, kwa sababu baada ya kazi kulikuwa na kazi nyingine. Mama alikuwa akituambia, "Mkono usiochuma, mkono huohuo usiulete kwenye sahani." Sijui mama gani wa leo anathubutu kusema hivyo. Mtoto atashitaki serikalini.

Na tulikuwa na manati. Kila mvulana alikuwa na yake, mpira wa tyubu ya baiskeli na kipande cha ngozi ya kiatu kilichochakaa. Mimi nilikuwa na shabaha kuliko wote. Sisemi kwa kujigamba. Waulizeni walio hai.

Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na sheria. Babu yetu alizikwa katikati ya shamba la kahawa, kama wazee wengi wa wakati wake, na chini ya mibuni ile majani yalijaa mpaka mguu unazama. Masharubu wawili, dume na jike, waliishi palepale miaka yote. Kila asubuhi tuliwasikia wakipekua majani kando ya kaburi, na watu wa kwetu walisema wanamfagilia babu. Kwa hiyo Masharubu hapigwi. Sisemi ni mila ya Wanyiha wote, sitaki kusingizia kabila langu. Ilikuwa sheria ya kwetu. Koo Chafu alipigwa, njiwa alipigwa, wakachomwa kwa chumvi ya Ivuna na hakuna aliyeuliza.

Na kwa kuwa ndege hawa wanafanana, ikawekwa sheria ya pili: ndege hanyonyolewi kabla ya kuonyeshwa. Aliyeonyeshwa ni Shangazi Sekela, dada wa baba, mwanamke aliyerudi kutoka kwa mume akiwa na sanduku moja na ulimi mkali. Hakuwa mtu wa maneno laini. Ungempelekea ndege, angelowesha kidole gumba kwa mate, angemfuta ndege koo upande huu na upande huu, angemfuta mdomo, ndipo angesema. "Koo Chafu. Kachome." Au njiwa wako angekugeuzia kibao: "Huyu umempiga ameatamia, tumbo lina joto la mayai. Ona aibu." Hakuwahi kusema kabla ya kufuta. Tope hudanganya, alisema, ute wa matunda hudanganya, na mtoto mwenye njaa hudanganya kuliko vyote.

Siku yangu mbaya Shangazi Sekela hakuwepo. Alikuwa ameshuka na wanawake wenzake hadi Ivuna kufuata chumvi. Baba alikuwa kwenye mzani wa kahawa. Mwanaume pekee pale nyumbani alikuwa Baba Mdogo Enoki, mdogo wake baba, ambaye biashara ya mpakani ilikuwa imeanza kumnyookea. Alikuwa na baiskeli ya Kichina yenye kengele mbili, na tangu aanze kwenda Tunduma alimsalimia kila mtu kwa Kibemba. "Mulishani mukwai!" yaani hujambo bwana, hata kwa mbuzi. Baba mdogo huyu alikuwa ameniahidi kwamba shule zikifungwa atanipakia nyuma ya baiskeli, nione treni, nione mpaka, nirudi na raba zangu mguuni. Nilikuwa nimeshalitangazia darasa zima. Nilikuwa naota raba.

Nilimpiga Koo Chafu kule bondeni, kwenye migomba, mbali kabisa na kaburi. Nilimwona vizuri kabla ya kumpiga: mdomo wa njano, michirizi kooni. Jiwe lilimpata kifuani. Nikamfunga shingoni kwa kamba ya mgomba, nikamning'iniza kiunoni kichwa juu, kama tulivyofanya wote ili manyoya yasichafuke, nikapanda mlima na jua. Njiani damu ilimtoka kwenye pembe za mdomo, ikateremka kooni upande huu na upande huu, ikakauka. Mimi sikuangalia. Nilikuwa napiga mluzi.

Baba Mdogo Enoki alikuwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikampa ndege, kwa sababu ndege lazima aonyeshwe na yeye ndiye mkubwa aliyekuwepo. Akamshika kwa kamba, akamwinua juu hadi usawa wa macho. Akaruka kama aliyekalia siafu.

"Njooni muone! Lazaro amempiga Masharubu wa mzee!"

Watu wakaja. Mama akaja na mikono yenye unga. Majirani waliokuwa wanapita njiani wakaja, maana jambo baya halihitaji mwaliko.

"Baba mdogo, hiyo ni damu," nikasema. "Mfute."

"Nifute nini? Macho yangu hayajui masharubu?"

"Mdomo wake ni wa njano. Damu ndiyo imeupaka. Maji kidogo tu, baba mdogo, maji kidogo!"

"Unasikia huyu? Ananifundisha mimi kuona. Mimi niliyekuona ukiwa na kitovu kibichi!"

Mama akasema taratibu, "Shemeji, si afutwe tu tujue?"

Hapo ndipo alipokosea, mama yangu mpole. Kama wangekuwa wawili tu, Baba Mdogo angemfuta ndege. Lakini mbele ya majirani, shemeji yake akamwambia afute? Mtu anayesalimia kwa Kibemba? Akaikata kamba kwa meno na kumrushia mbwa yule ndege. Mbwa wetu alikuwa hajala tangu jana. Alimmeza na manyoya yake, na miguu, na mdomo wake wa njano.

"Haya," akasema Baba Mdogo. "Muulizeni mbwa."

Watu wakacheka. Mimi nililia, na sikulia kwa kuogopa fimbo. Nililia kwa kuona ushahidi wangu unashuka kooni mwa mbwa huku amefumba macho kwa utamu.

Baba aliporudi hakumkatalia mdogo wake mbele za watu. Hakuwa na tabia hiyo. Aliamua kwamba nitalisafisha kaburi la babu kila Jumamosi, na kwamba safari ya Tunduma nimeikosa. Raba akaenda kuzivaa mdogo wangu, ambaye wakati ule hakuweza kumtofautisha kanga na kuku wa jirani.

Nilimsubiri Shangazi Sekela njiani. Nilipoona wanawake wanatokea na mafurushi ya chumvi kichwani nilimkimbilia, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akatua furushi lake.

"Yuko wapi ndege mwenyewe?"

"Mbwa kamla, shangazi."

"Manyoya?"

"Hata manyoya."

Akajipangusa jasho. "Basi sikumwona, Lazaro. Siwezi kusema ulimpiga, siwezi kusema hukumpiga."

Nilimchukia siku ile. Nilitaka aseme uongo kwa ajili yangu. Lakini tangu hapo, kila waliponicheka mbele yake, yeye hakucheka. Akiulizwa alisema neno lilelile, "Mimi sikumwona," na akaendelea na kazi yake.

Aliyekula ndege wa babu amemla babu mwenyewe, walisema, na jina likaenea kama moto wa Septemba. Mla Babu. Na angalieni dhuluma ndani ya dhuluma: hata angekuwa Masharubu kweli, mimi sikumla! Aliyekula ni mbwa. Mbwa alizeeka akafa na jina lake zuri, hakuna aliyemwita Mla Babu. Shuleni waliniuliza nilimla na chumvi au bila chumvi. "Mla Babu, kipande cha mguu ulimwachia nani?" Kwenye kwaya mwalimu wetu, mtu wa Mungu kabisa, aligawa sauti hivi: "Ninyi sauti ya kwanza. Mla Babu na wenzake, sauti ya pili." Nilipokuwa mkubwa nikaenda Tunduma kwa miguu yangu mwenyewe, nikabeba mizigo pale mpakani, na hata huko jina likanifuata kwenye mdomo wa mtu wa kwetu. Ndani ya wiki moja wafanyabiashara wa upande wa Zambia walikuwa wananiita, "Mla Babu, mukwai, njoo ubebe hapa!" Hawakujua maana yake. Waliona ni jina zuri.

Sasa niwaambie, kwa sababu wengi wenu mnaniona kwenye gari na hamjui nilikotoka. Niliondoka hapa na nguo zangu kwenye mfuko wa mbolea ya salfeti. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mbunge aliyenipigia simu. Nilibeba magunia mchana, nikasoma jioni kwenye kibaraza cha mwenye nyumba wangu mpaka nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa nje, nikafaulu, nikaingia chuo cha wanyamapori, nikatoka na stashahada. Stashahada yenyewe iko ukutani sebuleni kwangu, na anayetaka kuiona aje, chai ipo. Nimefanya kazi kwenye hifadhi ambazo wengine mnazisikia redioni.

Chuoni kulikuwa na chumba chenye ndege waliokaushwa, wamepangwa kwenye droo. Siku moja mkufunzi wetu alitoa wawili akawalaza mezani, akafunika vibandiko vyao. Darasa lote likakwama. Vijana wa mijini, wenye Kiingereza cha kumwagika, wakasema ni ndege mmoja, dume na jike. Mimi niliwajua palepale. Walikuwa wao. Masharubu na Koo Chafu, bega kwa bega, kimya, wakiwa wamenisubiri miaka yote ile. Nikasogea mbele, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimelowesha kidole gumba na kumfuta mmoja kooni.

"Wewe! Haguswi huyo!" mkufunzi akafoka.

Lakini nilikuwa nimeshasema. Huyu ana mistari miwili pembeni mwa koo jeupe na mdomo wa chungwa. Huyu ana michirizi koo zima na mdomo wa njano. Akafunua vibandiko. Sikukosea hata kimoja. Katika somo la ndege niliongoza darasa, na sioni aibu kusema. Wenzangu walisherehekea kwa soda. Mimi nilikwenda nyuma ya bweni nikasimama peke yangu, kwa sababu niliyetaka aone hakuwepo pale. Alikuwa Mbozi, kwenye kinu chake.

Niliporudi nyumbani nikajenga. Nyumba yangu ina vigae, haina haya kusimama kando ya barabara. Kitu cha pili nilichojenga ni kaburi la babu. Nililizungushia saruji, nikaweka marumaru, nikaita ukoo wote na kanisa tuje tulifungue kwa sala. Mahema yalikuwepo, spika zilikuwepo, pilau lilinukia hadi barabarani. Nilijiambia leo, mbele ya marumaru hii, jina lile linazikwa.

Baba Mdogo Enoki, sasa mzee, meno machache lakini sauti ileile, ndiye aliyepewa kipaza sauti kutambulisha familia. Akataja huyu, akataja yule. Akafika kwangu.

"Na aliyetujengea kaburi hili zuri," akasema, "mnamjua wote. Alimla babu, sasa amemlipa. Mla Babu, simama!"

Hema zima likaangua kicheko. Wageni kutoka Vwawa wakacheka. Mchungaji akacheka akajifanya anakohoa. Nilisimama, nikatabasamu kwa meno tu. Halafu binti yangu mdogo, aliyezaliwa mbali na hajui habari hizi, akanivuta koti. "Baba, kweli ulimla babu yako?"

Hapo nikaona heri kufa. Kudhulumiwa mwenyewe nimezoea, lakini mtoto wangu aniangalie kwa macho yale? Nikaingia ndani, nikatoka na darubini yangu, ile ya kazini. Chini ya mibuni, ng'ambo ya hema, walikuwepo wote wawili siku ile: Masharubu akipekua majani, na Koo Chafu hatua chache kutoka kwake. Nikawapanga watu foleni. Nikawaambia tazameni koo, tazameni mdomo. Mchungaji alitazama akasema, "Loo, kweli, huyu ana masharubu!" Watoto wakapigania darubini. Mpwa wangu yule wa bodaboda hakutazama. Alisema anafuata soda akawasha pikipiki. Nikampelekea Baba Mdogo darubini kwenye kiti chake.

Hakuipokea. "Nawaona bila hiyo. Siku zote nimejua wako wawili. Lakini miwani yako inaona wa leo, mwanangu. Yule wa siku ile haimwoni."

Na nisiwadanganye, alisema kweli. Stashahada yangu yote, na miaka yangu yote hifadhini, haikuweza kumtoa ndege tumboni mwa mbwa aliyekwisha oza. Nilisimama pale na darubini mkononi kama mtu aliyekuja harusini na jembe.

Ndipo tukasikia breki za pikipiki getini na kelele za kuku. Mpwa wangu alikuwa amerudi na soda na kumgonga kuku wa Shangazi Sekela, kuku mweupe pee aliyekuwa akiokota punje za pilau njiani. Akaja naye amemshika shingo, kichwa juu, uso umemshuka.

"Samahani jamani. Amejirusha mwenyewe."

"Mlete hapa mwuaji wewe," akasema Shangazi Sekela kutoka kwenye mkeka wake. Amezeeka, magoti yamegoma, lakini ulimi uko palepale. Akampokea kuku, akamshika kichwa juu vilevile. Akamtazama. Kisha akaita, bila kupaza sauti, "Enoki. Njoo umwone kuku huyu."

"Kuku nimwone wa nini?"

"Njoo."

Dada ni dada hata uwe na mvi. Akainuka, akaja. Mimi nikasogea. Damu ilikuwa imemtoka kuku kwenye pembe za mdomo na kushuka juu ya manyoya meupe, mistari miwili, upande huu na upande huu, imeanza kuwa myeusi.

"Hapa kooni ana nini?" Shangazi akauliza.

"Damu," akasema Baba Mdogo.

"Mimi naona masharubu."

Hakuna aliyecheka. Shangazi Sekela akalowesha kidole gumba kwa mate, akafuta upande mmoja. Koo likatokea jeupe. Upande wa pili akauacha. Akamnyooshea mdogo wake yule kuku.

Baba Mdogo alimpokea kuku. Kisha akachukua jagi la maji ya kunawia mikono, maji yaleyale niliyoyaomba nikiwa mtoto, akamwagia kidogo na kufuta taratibu mpaka mstari ukaisha.

"Mlikuwa mnawafunga shingoni?" akaniuliza bila kuniangalia.

"Shingoni, baba mdogo. Kwa kamba ya mgomba."

"Kichwa juu."

"Kichwa juu."

Akatikisa kichwa chake. Shangazi Sekela akajipangusa kidole kwenye kanga. "Sasa nimeona," akasema. Ni maneno mawili, ninyi mnayasoma na kupita. Mimi niliyasubiri tangu siku ile ya furushi la chumvi.

Baba Mdogo akarudi kwenye kipaza sauti. Akakigonga, akakohoa. "Ndugu zangu, nilikosea kutambulisha. Nirudie. Aliyejenga kaburi hili ni mtoto wetu, anaitwa Lazaro." Akakaa. Binti yangu akaniachia koti, akanishika mkono.

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Hapana. Vijana wa bodaboda kijiweni bado wananiita Mla Babu, kwa mapenzi eti, "Mla Babu, vipi mzee wetu!" Hawajui ni babu gani, hawajui ni ndege gani. Zamani walionitukana walijua wanachonitukania. Waliamini nimempiga ndege wa kaburi, na ndege wa kaburi alikuwa kitu kikubwa kwao. Hawa wa leo wameshika jina tupu. Sijui kipi kinaniudhi zaidi.

Na marumaru yangu, nayo imenipa somo chungu. Watoto wanaifagia kila siku ing'ae, majani yote wanayachoma. Mibuni mingi imeng'olewa, pamepandwa mahindi na nyumba za kupangisha. Asubuhi Masharubu anakuja bado, yule au mjukuu wa mjukuu wake. Anaruka juu ya marumaru, anasimama wima, anainamisha kichwa kusikiliza. Hana jani la kupindua. Anaondoka. Nimepiga marufuku ufagio upande wa nyuma wa kaburi, na nyumbani wanasema mzee amekuwa mkali.

Jioni natoa kiti na kukaa uani, mahali alipokuwa anakaa Shangazi Sekela akitungojea turudi na ndege viunoni. Watoto wanapita na simu zao, mmoja baada ya mwingine, wananisalimia vizuri tu. Kidole gumba changu kipo tayari. Hakuna anayeniletea kitu cha kufuta.